Waya wa mtaa au dishi? Kisa cha nyumba moja ya wapenzi wa mpira, Kihonda, Morogoro

Nyumba ya kisa hiki iko Kihonda, Morogoro. Baba mwenye nyumba ni mstaafu na ni Simba wa kulia na kucheka. Mkewe ni Yanga. Binti yao mkubwa, ambaye siku hizi ndiye anayelipa bili nyingi za pale nyumbani, ni Arsenal. Kijana wao wa kiume anasoma chuo Dodoma, na akirudi likizo anataka Ligi ya Mabingwa Ulaya hata kama mechi inaisha saa saba kasoro usiku. Uani kuna mpangaji ambaye kodi yake, kwa makubaliano ya zamani, inajumuisha umeme na televisheni. TV zilikuwa tatu: sebuleni, chumbani kwa binti, na kwa mpangaji.

Kilicholeta mjadala ni waya. Mtaani kwao zilikuwa zimesimikwa nguzo mpya, na vijana wa kebo wakawa wanapita nyumba kwa nyumba na maneno matamu: chaneli lundo, hakuna king'amuzi, hakuna kadi, malipo ni mamoja tu kwa mwezi na TV zote tatu zinaonesha. Mzee alishawishika siku ileile. Hoja yake ya pili ilikuwa mvua: dishi la jirani, alisema, likinyeshewa manyunyu tu linazima. Binti alitaka dishi na hakutaka kusikia habari ya waya. Mimi kazi yangu ni kufunga vyote viwili, nimevuta waya na nimepanda mapaa, kwa hiyo waliniita niseme kabla pesa haijatoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu ukae. Sisi hapa tumeshaamua waya, huyu dada yako ndiye anatuchelewesha."

Watu wengi wanaoniuliza swali la waya au dishi wanaanzia mwisho. Wanafikiria jinsi picha itakavyoingia ndani ya nyumba kabla hawajajua ni picha ya nini na ni nani mwenye ruhusa ya kuionesha. Katika tamthilia na habari kosa hilo halina gharama kubwa, maana chaneli moja ikikosekana ipo nyingine. Katika mpira ni tofauti kabisa. Dabi ya Kariakoo haina mbadala. Ukiikosa saa ile, umeikosa, na marudio ya usiku wakati umeshajua matokeo hayakupi kitu.

Kwa hiyo sikuzungumzia nguzo wala mabati. Niliomba daftari, nikamwambia kila mmoja ataje mechi ambazo kwa mwezi uliopita asingekubali kuzikosa. Si mechi anazopenda kwa jumla, bali zile ambazo angetoka nyumbani kwenda kuzitafuta kibanda umiza kama TV yake haina. Zoezi hili lina nguvu kuliko linavyoonekana, maana mtu akiulizwa anapenda nini anataja ligi saba, lakini akiulizwa angetoka na mvua kufuata nini anataja timu moja au mbili.

Daftari lilisema hivi. Mzee na mama: mechi zote za Simba na Yanga katika Ligi Kuu, mechi zao za CAF, na Taifa Stars. Mzee akaongeza Mtibwa Sugar kwa mapenzi ya mkoa, maana yeye ni wa enzi zile Mtibwa inabeba ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na alifurahi kama mtoto iliporudi Ligi Kuu baada ya kushuka 2024. Binti: Arsenal, kila wiki. Kijana, kwa simu kutoka Dodoma: Ligi ya Mabingwa kuanzia hatua ya mtoano, nyingine hata akizikosa si neno. Mpangaji, nilipomwuliza, alisema anataka taarifa ya habari na Taifa Stars tu.

Hapo kisa kikawa kimeshafunguka nusu, kwa sababu sasa tungeweza kuuliza swali la pili: mechi hizi ni za nani?

Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko kwenye mikono inayojulikana. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya televisheni, thamani yake Sh bilioni 225.6. Maana yake kwa mtu wa Kihonda ni rahisi: mpaka mkataba huo uishe au ubadilishwe, mechi za Simba na Yanga za ligi anazipata kwa Azam, au kwa mtu aliyeruhusiwa na Azam kuzirusha. Ligi Kuu ya Uingereza kwa eneo letu inashikwa na SuperSport, ambayo mtu wa kawaida anaifikia kupitia DStv, na Ligi ya Mabingwa Ulaya nayo imekuwa huko. Idadi ya mechi unazopata inategemea kifurushi ulicholipia, na hilo lazima uliulizie kila msimu mpya unapoanza, kwa sababu chaneli zinahamishwa kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine.

Mashindano ya CAF ndiyo yenye kona. Haki zake anaziuza CAF, si TFF, kwa hiyo kuwa na king'amuzi cha ligi si lazima kuwe ndiyo kuwa na mashindano ya Afrika. Januari 2024, siku chache kabla ya AFCON kuanza Ivory Coast, MultiChoice, wenye DStv, walitangaza kwamba hawatairusha, halafu baadaye wakafikia makubaliano na wakairusha. Taifa Stars ilikuwa kwenye mashindano yale, kundi moja na Morocco, Zambia na DR Congo. Mtu aliyenunua dishi mwezi Desemba kwa ajili hiyo tu alikaa siku kadhaa roho juu.

Na haki zinahama. Hili nalisisitiza kwa kila mteja, kwa sababu dishi linakaa juu ya bati miaka 10 lakini mkataba wa mpira unaweza kuondoka wakati bado unadaiwa pesa za dishi. Wakubwa kidogo wanaikumbuka GTV, kampuni ya TV ya kulipia kwa dishi. Iliingia Afrika 2007 na sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, watu wakanunua madishi kwa furaha, na mwisho wa Januari 2009 ikafunga katikati ya msimu. Kenya nako, SuperSport walikuwa wakionesha ligi yao kwa miaka kadhaa, wakaachana nayo 2017. Juzi tu, Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice yenyewe. Kwa hiyo mteja wangu hashauriwi kufunga ndoa na kampuni. Anashauriwa kufuata mechi.

Tukarudi kwenye waya. Nilimpigia yule kijana wa kebo, simu ikiwa wazi ili mzee asikie. Nikamwuliza Ligi Kuu iko chaneli ipi kwao. Akasema zote zipo. Nikamwuliza, Simba ikicheza saa 10 jioni na Arsenal ikiwa na mechi saa 11, nitaona zote? Akanyamaza kidogo, akasema ofisini wanaangalia mechi kubwa ni ipi ndiyo wanaiweka.

Jibu lile lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni la kiufundi. Waya wa mtaa hautengenezi picha. Kwenye ofisi ya mwenye waya kuna madishi na ving'amuzi kama vyako. Kila king'amuzi kinatoa chaneli moja, inaingizwa kwenye mtambo unaozichanganya, inasukumwa kwenye waya, na kila baada ya umbali fulani inaongezwa nguvu na busta. Kama ofisi imetenga king'amuzi kimoja kwa michezo, mtaa mzima unaangalia mechi moja, na rimoti iko mkononi mwa mtu usiyemjua. Binti alielewa papo hapo. Jumamosi yake ya Arsenal ingekuwa inaamuliwa na kijana wa zamu.

La pili ni la kisheria, na ni zito zaidi. King'amuzi cha nyumbani kina ruhusa ya nyumba moja. Kukichomeka kwenye waya wa mtaa na kutoza watu ni kuiba matangazo. Mwenye waya halali ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na ana mkataba na mwenye kila chaneli ya kulipia anayoibeba. Wapo wa namna hiyo, wenye mikataba na karatasi zao, na sina neno nao. Nairobi na Mombasa, Zuku wamevuta waya unaoleta TV na intaneti pamoja, na ni huduma ya kawaida kabisa mijini kule. Nilimwomba kijana wetu wa kebo jambo dogo: aje na nakala ya leseni na atuambie kwa jina chaneli ya ligi wanaibeba kwa mkataba gani. Alisema atarudi. Hakurudi.

Sisemi hivi kumpaka mtu matope, ndiyo maana jina la kampuni silitaji. Nasema kwa sababu anayeumia ni mteja. Waya wa wizi unakatwa bila taarifa, na mara nyingi unakatwa siku ya mechi kubwa, maana ndiyo siku wenye haki wanapita kukagua. Ukishakatwa huna wa kumlalamikia, kwa kuwa ulichokuwa unakilipia hakikuwa cha yule uliyemlipa.

Mzee alikubali hoja hiyo shingo upande, akabaki na mvua yake. Na mvua ni hoja ya kweli, haifai kupuuzwa. Matangazo ya madishi yetu madogo yanakuja kwenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, na mawimbi ya hapo ni mafupi, sentimita 2 na nusu hivi. Tone kubwa la mvua lina uwezo wa kuyameza na kuyatawanya. Morogoro masika ikikolea, Machi hadi Mei, mawingu yanashuka kutoka Uluguru mchana ukielekea jioni, saa zilezile ligi inapochezwa, na huo pia ndio muda ubingwa unapoamuliwa. Mzee hakuwa anabuni.

Lakini nilitaka kuona dishi la jirani, lile lililokuwa shahidi wake. Tukaomba ruhusa, nikapanda. Kikombe cha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, kilikuwa kimepasuka usoni, maji yanaingia. Koneka ilikuwa imeota kutu ya kijani. Waya ulikuwa umeungwa katikati kwa kusokotwa mkono na kufungwa nailoni ya mkate. Nati za mkono wa dishi unazizungusha kwa vidole. Kwenye kurasa za king'amuzi kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Wengi wanaangalia nguvu, wakiiona ndefu wanaridhika, wakati nguvu inaweza kuwa kelele tupu. Ubora ndio unaosema kama dishi linaiona setilaiti. Ubora wa jirani, jua linawaka, ulikuwa hauvuki asilimia 45. Picha ilikuwepo kwa sababu king'amuzi cha dijitali hakina katikati: kikipata kiasi kinachotosha kinaonesha picha safi kabisa, kikipungukiwa kidogo picha inaganda, inakatika vipande vipande, inapotea. Dishi lile lilikuwa linaishi ukingoni. Wingu likipita tu, limeanguka.

Nilibadilisha LNB na koneka, nikavuta waya mpya mmoja usio na kiungo, nikauacha uning'inie kama kitanzi kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee nje, halafu nikaanza kulielekeza upya. Hapa ndipo kazi ilipo na ndipo mafundi wengi wanapochoka mapema. Unasogeza dishi nywele moja, unasubiri, unasoma ubora, unasogeza tena. Ukishapata kilele kwa kulia na kushoto unakitafuta kwa juu na chini, kisha unazungusha LNB yenyewe kwenye mshikio wake, kidogo kidogo, maana ikikaa upande asilimia kadhaa zinapotea hivihivi. Unakaza nati moja moja kwa zamu, kwa kuwa ukikaza upande mmoja kwa pupa dishi linahama na unarudi mwanzo. Tulimaliza ubora ukiwa juu ya 80. Mvua iliyofuata, jirani alituambia mwenyewe, picha ilipotea dakika chache tu pale ilipopiga kwa kishindo, ikarudi yenyewe.

Na huyo mwenye waya anaepuka mvua kwa njia gani? Kama ofisi yake ina dishi kubwa la mita 2 na kitu, au inapokea chaneli kwa masafa ya chini zaidi, ya gigahezi 4 hivi, ambayo mvua haiyasumbui sana, ana nafuu ya kweli. Kama ofisini kwake kuna dishi la sentimita 90 kama la kwako, basi wingu likisimama juu ya ofisi yake mtaa mzima unazima, hata kama kwako Kihonda jua linawaka. Hilo nalo la kuuliza.

Umeme unaamua zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye dishi akiwa na betri na inveta ndogo, umeme ukikatika anaendelea, kwa sababu kati yake na setilaiti hakuna kitu kingine kinachohitaji Luku. Waya una busta kwenye nguzo, na busta zinakula umeme wa mtaa. Ukikatika mtaa wa pili, ambako busta yako inapata umeme wake, unazimikiwa wakati taa zako zinawaka. Mzee ana sola ya taa na betri nzuri tangu enzi za mgao, na hoja hii ilimgusa kuliko zote nilizotoa.

Ile sifa ya TV tatu kwa malipo mamoja ni ya kweli, siwezi kuikana. Dishi linataka king'amuzi kwa kila TV inayotaka chaneli yake, na kila king'amuzi kina malipo yake. Ila waya wa zamani usio na king'amuzi unapogawanywa kwa spilita unadhoofika kila unapogawanywa: spilita ya njia mbili peke yake inapunguza mawimbi kwa zaidi ya nusu kila upande. TV ya kwanza inaonesha vizuri, ya tatu uani inakuwa na chenga, namba za jezi huzioni. Anayetazama tamthilia atavumilia. Anayetaka kujua mpira ulivuka mstari au haukuvuka hawezi.

Kuna jambo la kuchelewa pia. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mawimbi kupanda na kushuka ni kama robo ya sekunde tu, kwa hiyo anga si tatizo. Kinachochelewesha ni mitambo ya kubana na kubanua picha. Waya unaopokea kutoka kwenye king'amuzi cha dishi, kisha ukaichakata tena picha hiyo kuwa ya dijitali yake, unaongeza sekunde juu ya sekunde. Mechi kwa apu ya simu huchelewa zaidi. Mzee ana redio yake ndogo, na ni desturi yake kusikiliza mtangazaji wa redio huku anaangalia TV, na redio inatangulia. Kwa dishi tofauti inavumilika. Penalti ya dakika ya 90 ukisikia mtaa wa pili wameshapiga kelele kabla mpigaji wako hajaanza kukimbia, raha imeisha.

Kilichobaki kilikuwa ni mahali pa kuweka dishi, na hapo Morogoro ina bahati kwa upande mmoja na kazi kwa upande mwingine. Azam wanatumia setilaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki. Ukisimama Morogoro iko upande wa magharibi, imepinda kaskazini kidogo, juu kwa nyuzi 53 hivi. DStv wako nyuzi 36 mashariki, karibu sawasawa na utosi wetu, nyuzi 80 na zaidi kutoka upeo wa macho. Mbali mno kwa dishi moja la kawaida kuziona zote mbili, kwa hiyo anayetaka zote anafunga madishi mawili. Na upande wa magharibi wa nyumba ya mzee kuna mwembe.

Mwembe ule unalizidi paa kama mita 6. Kwa nyuzi 53, kitu kinachokuzidi mita 6 kinakuziba ukiwa karibu nacho chini ya mita 4 na nusu. Kijana wa zamani aliyewahi kufunga dishi pale aliliweka ukingo wa magharibi kwa sababu ndiko dirisha la sebule liliko na waya ungekuwa mfupi. Kiangazi lilifanya kazi, masika majani yalipojaa maji likafa. Nilipeleka dishi kona ya mashariki ya paa, mbali na matawi na penye nafasi ya mwembe kukua, nikakubali kutumia waya mrefu zaidi. Lile la nyuzi 36 halina shida ya mwembe, linaangalia juu moja kwa moja, linaweza kukaa popote palipo wazi.

Niseme wazi kwamba hesabu hiyohiyo ingenifanya nimpeleke mtu mwingine kwenye waya. Mpangaji wa ghorofa ya tatu Kariakoo au Upanga, roshani yake inatazama mashariki na mwenye jengo haruhusu mtu kupanda juu, hana namna ya kuiona setilaiti ya magharibi, na ile ya utosini inazibwa na roshani ya ghorofa ya nne. Huyo atafute waya halali au intaneti ya nyumbani yenye kasi ya uhakika, atumie apu za wenye haki, na avumilie kuchelewa. Kihonda hawakuwa na shida hiyo.

Uamuzi ulifikiwa mezani, na wa mwisho kusema alikuwa mama: "Sisi wazee tunataka ligi yetu, hiyo ilipwe kila mwezi, mwaka mzima. Ya Uingereza huyu binti ajilipie." Ndivyo ilivyokuwa. Dishi la Azam likafungwa, king'amuzi sebuleni, na hilo ndilo la nyumba. Dishi la pili likafungwa kwa gharama ya binti, king'amuzi chumbani kwake, kifurushi cha kati. Nilimshauri alipe mwezi kwa mwezi na aache kulipa ligi ya Uingereza ikifunga Mei mpaka irudi Agosti. Kaka yake akija likizo wakati wa mtoano wa Ulaya, watachangia kupanda kifurushi kwa mwezi huo mmoja. Ratiba ilitupa nafuu: mechi za Uingereza za Jumamosi saa 9 za kwao huku zinaanguka saa 11 jioni, na Uingereza inaporudisha saa nyuma kuanzia mwisho wa Oktoba zinakuwa saa 12, wakati ligi yetu mara nyingi imeshaanza saa 10. Na hizo za saa 9 Waingereza wenyewe hawazioni kwenye TV zao, zimezuiwa kule ili watu waende viwanjani, sisi tunaziona. Sebule na chumba cha binti havigombani tena.

Yule kijana wa chuo alileta wazo la kutoa TV kubwa nje, kuweka mabenchi na kutoza kiingilio siku za dabi. Nilimkatalia. Kifurushi cha nyumbani hakiruhusu biashara. Kuna vifurushi vya biashara na vina bei yake, na kama hesabu zinalipa aanze na hicho.

Malipo ya miezi mingi mbele nayo niliwaomba wayaache, hata kama kuna punguzo. AFCON ya 2027 inakuja nyumbani, Kenya, Uganda na Tanzania, na nani atakuwa na haki ya kuionesha ni jambo la kusubiri mpaka litangazwe, si la kubashiri kwa pesa ya pensheni.

Alibaki mpangaji. Yeye alitaka habari na Taifa Stars, na mechi za timu ya taifa mara nyingi zimekuwa zikipatikana kwenye chaneli za ndani. Agosti 2018, TCRA ilipowabana wenye leseni za dishi za kulipia kwa kurusha chaneli za ndani za bure, chaneli hizo ziliondoka kwenye ving'amuzi vyao, na waliokuwa na king'amuzi cha antena ndio hawakuguswa. Kwa hiyo hakuhitaji dishi wala waya. Mzee alimnunulia king'amuzi cha antena, nikaifunga kwenye bomba la futi 10 nyuma ya choo cha nje, nikaielekeza upande mnara uliko, na makubaliano yao ya kodi yakabaki vilevile.